Bibi Aliyeingia Ndani

Katika nyumba zetu za Mwambao, mgeni wa kiume huishia dakani. Wa kike huingizwa hadi ndani. Wakiisha kwenda zao wakasimulia, utadhani waliingia nyumba mbili. Haya hunijia kila nisomapo habari za Waingereza waliosafiri Italia karne ya 18.

Vijana wa kiume wa matajiri walipelekwa huko kukamilisha masomo. Walitazama magofu ya Roma, wakanunua picha na sanamu, wakakaa wao kwa wao. Habari walizorudi nazo zilikuwa za mawe.

Aliyeingia ndani ni Lady Mary Wortley Montagu, aliyezaliwa mwaka 1689. Kilatini alijifunza kwa siri katika maktaba ya babake. Alipofuatana na mumewe, balozi, kwenda Uturuki, aliingia hamamu ya wanawake mjini Sofia mwaka 1717, mahali asipokanyaga mwanamume. Akatambua kuwa wasafiri wa kiume walioandika juu ya wanawake wa Kiislamu walikuwa wakibuni. Ni katika nchi hiyo alikojua chanjo ya ndui, iliyofanywa na wanawake wazee, akamchanja mwanawe mwaka 1718.

Italia alikwenda mwaka 1739, bila mume. Miaka mingi aliishi upande wa Brescia, akitunza bustani, akifuga kuku na viwavi wa hariri, akijuana na majirani. Huko akaona jambo ambalo vijana wale hawakulitia maanani: mwanamke msomi hachekwi, bali jamaa zake humwonea fahari. Laura Bassi alipewa ualimu wa chuo kikuu cha Bologna mwaka 1732. Maria Gaetana Agnesi wa Milan aliteuliwa na Papa mwaka 1750 kwa hisabati. Lakini alipomwandikia bintiye Uingereza, Lady Mary alimshauri kuwa mjukuu asomeshwe, kisha aifiche elimu yake kama mtu afichavyo kilema.

Nasi tuliofunzwa chuoni kuwa elimu ni faradhi, shauri hilo latuuma.

Alifariki London mwezi Agosti, 1762. Barua zake za Uturuki zilichapishwa mwaka uliofuata. Shajara yake, aliyoiandika miaka na miaka, bintiye aliitia moto, akichelea aibu ya jamaa. Ya dakani tunayo tele, wasomaji wangu. Ya ndani mengi yameteketea.