Blasio Kigozi: Mwalimu wa Gahini aliyeikataa imani ya baridi

MUHIMA, Kigali – Jumapili asubuhi, anayepanda kutoka Nyabugogo kuelekea Muhima husikia nyimbo za ibada kabla hajafika juu. Waumini waliovaa nguo zao safi hupishana na abiria walioshuka kwenye mabasi ya Kampala. Miaka mingi kabla ya mabasi hayo, Mganda mmoja kijana alivuka mpaka kuja Rwanda, na maisha yake mafupi yalibadili sala za Wakristo wengi wa Afrika Mashariki.

Huyo ni Blasio Kigozi, mdogo wake Simeoni Nsibambi wa Kampala. Mwaka 1929 alikuja Gahini, kando ya Ziwa Muhazi, ambako misheni ya Kianglikana ilikuwa na hospitali chini ya daktari Mwingereza, Joe Church. Mashariki mwa Rwanda ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika njaa kali. Kigozi alifundisha shule, kisha akapewa kazi ya kuwaandaa wainjilisti. Mwaka 1934 akapata ushemasi.

Kwa nje kazi ilikwenda vizuri. Madarasa yalijaa na waliobatizwa waliongezeka. Lakini Kigozi aliona jambo lililomnyima raha: watu walikuwa na jina la Kikristo, ilhali ulevi, wizi mdogo mdogo na chuki viliendelea kama kawaida. Hata wafanyakazi wa misheni walinung'unikiana, Waafrika kwa Wazungu. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alijiona na yeye mwenyewe amepoa.

Hapo ndipo linapopatikana somo la maisha yake. Hakuanza kwa kuwakemea wengine. Mwaka 1935 alijitenga kwa siku kadhaa, akasali na kujichunguza. Alipotoka aliomba msamaha kwa wale aliowakosea, akianzia nyumbani kwake na kwa wanafunzi wake. Baadaye mwaka huohuo yeye, kaka yake Nsibambi na Yosiya Kinuka, mhudumu wa hospitali ya Gahini, walikwenda kuhubiri Kabale. Watu waliungama hadharani, wakarudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni ya zamani.

Januari 1936 Kigozi alikwenda Kampala, akiwa amejiandaa kuwaeleza viongozi wa kanisa mambo matatu: ubaridi wa kanisa, watu wanaoishi katika dhambi ya wazi huku wakishiriki Meza ya Bwana, na haja ya kuamka. Homa ya papasi ilimuwahi. Alifariki tarehe 25 mwezi huo, akiwa bado kijana.

Hoja zake hazikuzikwa pamoja naye. Mwaka 1937 uamsho ulifika Kenya, na baadaye ukaingia Tanganyika kupitia Bukoba. Waliookoka, ambao Waganda waliwaita Balokole, walikutana katika vikundi vidogo, wakaungamiana makosa na kuulizana habari za mioyo yao. Mnyarwanda, Mganda, Mkikuyu na Mhaya waliitana ndugu, miongo kadhaa kabla ya serikali zetu kutia saini mkataba wa jumuiya.

Haitakuwa haki kuisimulia habari hii Kigali na kuishia hapo. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, watu waliuawa ndani ya makanisa, na baadhi ya wauaji walikuwa waumini waliobatizwa. Nchi iliyokuwa chimbuko la uamsho iliona ubaridi ambao Kigozi aliuogopa ukifika mwisho wake mbaya kabisa. Wapo Wakristo waliowaficha jirani zao, wengine wakalipa kwa uhai wao, lakini hawakutosha.

Kwa hiyo swali la shemasi huyo bado liko barabarani hapa Muhima. Kuimba kwa sauti na kujaza viti hakujawahi kuwa kipimo chake cha nguvu za kiroho. Alipima kwa mambo ya kawaida: deni lililolipwa, mke aliyeombwa msamaha, mwenzako wa kabila jingine unayeweza kumwambia kosa lako bila kuogopa. Ni mambo ambayo Mkristo anaweza kuyafanya Jumatatu, baada ya nyimbo za Jumapili kunyamaza.