Askofu Blomjous na Mbegu ya Nyegezi

Kila mwaka wazazi wengi wa Nachingwea na Ruangwa hujiuliza kama yafaa kutoa fedha yote ya korosho na ufuta kumsomesha kijana mmoja chuoni. Swali hilo si dogo. Maisha ya marehemu Askofu Joseph Blomjous yatusaidia kulijibu.

Nachingwea yajua vema fedha iliyopotea. Tangu mwaka 1947 hata 1951 Serikali ya Kiingereza ilileta matrekta kulima karanga, na reli ikajengwa. Mamilioni ya pauni yalitumika, mpango ukavunjika, na reli nayo haikudumu.

Katika miaka iyo hiyo, huko Mwanza, Blomjous alikuwa akipanda mbegu ya namna nyingine. Mholanzi huyu, wa shirika la Mapadre Weupe, alizaliwa mwaka 1908. Aliwekwa kuwaongoza Wakatoliki wa Mwanza, na mwaka 1953 Mwanza ilipofanywa jimbo, yeye akawa Askofu wake. Aliona kwamba uhuru u karibu, na kwamba bendera peke yake haiendeshi nchi: wahitajiwa watu waliofunzwa kazi.

Basi mwaka 1960 kwa juhudi yake Maaskofu walianzisha chuo cha mafunzo ya jamii huko Nyegezi, kando ya Ziwa Viktoria. Wakati huo Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja; kile cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961. Baadaye Nyegezi ilitoa wahasibu na waandishi wa habari walioitumikia nchi nzima.

Blomjous alihudhuria Mtaguso wa Pili wa Vatikano, akaacha uaskofu wa Mwanza mwaka 1965, na Askofu Renatus Butibubage, mwana wa nchi, akashika nafasi yake. Alifariki mwaka 1992. Hakuona mwaka 1998, Nyegezi ilipokuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino; wala mwaka 2009, tawi lake la Stella Maris lilipofunguliwa Mtwara, karibu na watoto wa Kusini. Wala chuo hakikupewa jina lake.

Wazazi wapenzi, trekta huchakaa na reli hung'olewa. Elimu ya mtoto haing'oleki, ijapokuwa aliyeilipia huenda asiyaone matunda yake yote.