Charles Kettering: Mvumbuzi wa Cheche na Mzigo wa Risasi

Charles Franklin Kettering alizaliwa tarehe 29 Agosti 1876 katika shamba la wazazi wake karibu na Loudonville, jimbo la Ohio, Marekani. Tangu ujanani aliandamwa na maradhi ya macho, nayo yakamkatizia masomo. Alifundisha shule za vijijini, akafanya kazi ya nyaya za simu, kisha akarejea chuoni na kuhitimu uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio mwaka 1904.

Ajira yake ya kwanza baada ya kuhitimu ilikuwa katika kampuni ya National Cash Register mjini Dayton. Huko alibuni mota ndogo iliyoendesha rejista ya fedha kwa umeme badala ya mkono. Mwaka 1909, akishirikiana na Edward Deeds, aliasisi kampuni ya Delco. Kazi yao ilianzia katika ghala la shamba nyuma ya nyumba ya Deeds. Hapo ndipo ulipozaliwa mfumo wa kuwashia injini kwa betri, ambao kampuni ya Cadillac iliuweka katika magari yake ya mwaka 1910.

Msingi wa mfumo huo haukubadilika sana kwa zaidi ya nusu karne. Pointi zinapogusana, umeme wa betri hupita katika koili. Kamu iliyomo ndani ya distribyuta inapozitenganisha pointi hizo, nguvu ya sumaku katika koili huporomoka ghafla na kuzaa maelfu ya volti. Rota huupeleka umeme huo kwenye plagi ya silinda ambayo zamu yake imewadia. Kwa kuwa mchanganyiko wa petroli na hewa hauungui wote kwa mara moja, cheche sharti itangulie kidogo kabla ya pistoni kufika kileleni.

Elimu hiyo ndiyo anayoitumia hadi leo fundi wa Mishomoroni, katika eneo la Kisauni mjini Mombasa, anapoletewa Peugeot 404 iliyochoka. Kwanza hupima pengo la pointi kwa kibati chembamba, maana pengo likibadilika, wakati wa cheche nao hubadilika. Kisha huizungusha injini mpaka pistoni ya silinda ya kwanza ikaribie kilele cha mshindilio na alama za wakati zilingane. Hulegeza bolti inayoshika distribyuta, akaigeuza taratibu huku akiitazama taa ya kupimia iliyounganishwa na pointi. Taa inapowaka, pointi zimeachana, na hapo ndipo cheche hutokea. Kuigeuza distribyuta kinyume na mzunguko wa rota huiwahisha cheche. Kuigeuza upande uleule wa mzunguko huichelewesha. Cheche ikichelewa mno, gari huwa zito na injini hupata joto. Ikiwahi mno, injini hugonga kama iliyotiwa kokoto, hasa inapopanda mlima.

Uvumbuzi wa pili wa Kettering uliomletea sifa ni stata ya umeme, iliyowekwa katika Cadillac ya mwaka 1912. Kabla ya hapo dereva alilazimika kupiga hendeli kwa mkono, na hendeli ikirudi nyuma kwa kishindo iliweza kuvunja mkono au taya. Stata iliondoa hatari hiyo na kuwafungulia mlango wa udereva watu wengi waliokosa nguvu za kupiga hendeli.

Hata hivyo, wahenga walinena kwamba kizuri hakikosi ila. Injini zilipoongezewa mshindilio zilianza kugonga, na baadhi ya watu waliulaumu mfumo wa Kettering wa kuwashia. Kettering hakukubali lawama hizo, naye akaamuru chanzo kichunguzwe. Uchunguzi ulibainisha kwamba kasoro ilikuwa katika namna petroli yenyewe ilivyoungua. Kettering aliongoza utafiti wa kampuni ya General Motors kuanzia mwaka 1920. Tarehe 9 Desemba 1921 msaidizi wake, Thomas Midgley, aligundua kuwa kiasi kidogo cha mchanganyiko wa risasi kilikomesha mgongo huo. Ilijulikana pia kwamba alkoholi ingeweza kusaidia, lakini risasi ilihitajika kwa kiasi kidogo tu na hataza yake iliahidi faida.

Sumu ya risasi haikuwa siri; ilijulikana tangu kale. Mwaka 1924 wafanyakazi watano walifariki katika kiwanda cha Bayway, New Jersey, kwa kuathiriwa na mchanganyiko huo, na wengine walifariki kwingineko. Biashara ilisimamishwa mwaka 1925, kisha ikaendelea. Kettering, aliyekuwa rais wa kwanza wa kampuni ya Ethyl iliyoundwa kuuza bidhaa hiyo, alikuwa miongoni mwa watetezi wake.

Moshi wa petroli hiyo ulienea dunia nzima, na risasi yake hudhuru hasa ubongo wa mtoto. Kenya na nchi nyingine za Afrika Kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia Januari 2006. Algeria ilifuata Julai 2021, ikiwa nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa matumizi ya magari ya kawaida. Mwezi uliofuata Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao makuu Nairobi, lilitangaza kwamba zama hizo zimekwisha.

Kettering alistaafu General Motors mwaka 1947. Miaka miwili kabla ya hapo, yeye na Alfred Sloan walikuwa wamesaidia kuanzisha taasisi ya utafiti wa saratani jijini New York, ambayo ilipewa majina yao. Alifariki mjini Dayton tarehe 25 Novemba 1958, bila kuushuhudia uamuzi wa dunia juu ya risasi. Historia ya maisha yake haikamiliki kwa kutaja stata na distribyuta peke yake, wala kwa kutaja sumu peke yake. Mgongo uleule ambao fundi wa Mishomoroni huuondoa kwa kuichelewesha cheche kidogo, Kettering na wenzake waliuondoa kwa risasi, na gharama yake ikalipwa na vizazi visivyoulizwa.