Dkt. Krapf na Vyuo vya Kale

Wasomaji wetu wengi wamelisikia jina la Dkt. Johann Ludwig Krapf, kwa maana yeye ni miongoni mwa watu wa kwanza waliofasiri Maandiko katika Kiswahili. Walakini liko jambo moja katika maisha yake lisilotajwa mara nyingi, nalo ni jinsi alivyovithamini vitabu vya kale, hata vile visivyokuwa vya dini yake. Jambo hilo twataka kulieleza hapa.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, nchi ya Württemberg, Ujerumani, naye alikuwa mwana wa mkulima Mlutheri. Kijiji hicho ki karibu na mji wa Tübingen. Juu ya kilima cha mji huo imesimama ngome ya kale, ambayo habari zake zaanza kutajwa katika karne ya 11. Zamani za Krapf ngome hiyo haikuwa tena mahali pa vita, bali ukumbi wake mkubwa ulikuwa umewekwa vitabu vya chuo kikuu. Alipokuwa mtoto alipigwa sana na jirani kwa kosa asilolitenda, akaugua miezi sita. Na katika ugonjwa huo akazoea kusoma Biblia.

Mwaka 1837 alitumwa Uhabeshi na chama cha misioni cha Waanglikana, CMS. Huko alikuta vitabu vilivyoandikwa kwa mkono katika lugha ya kale iitwayo Geez. Alivitafuta kwa bidii, akavipeleka Tübingen. Na mwaka 1842 chuo kikuu cha mji huo kikampa heshima ya udaktari kwa ajili ya elimu yake ya lugha za Uhabeshi. Hivyo vitabu vya Waafrika vikapata makao ndani ya ngome aliyoijua tangu utoto wake.

Mwaka 1844 alifika Mombasa pamoja na mkewe Rosine. Mji huo nao una ngome yake, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na Waarabu wa Omani wakaitwaa mwaka 1698. Walakini hakukaa muda mrefu kabla ya kupatwa na msiba mzito: mkewe alifariki tarehe 13 Julai 1844, na mtoto wao mchanga akafa siku chache baadaye. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa homa. Hata hivyo hakuiacha kazi. Alifasiri kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, na mwaka 1850 sarufi yake ya Kiswahili ikapigwa chapa Tübingen. Mwaka huo huo yeye na mwenzake Erhardt walisafiri kwa chombo toka Mombasa mpaka rasi ya Delgado, wakiifuata pwani yetu hii ya Bagamoyo.

Watu wengi wa Ulaya wakati ule walidhani kwamba Waafrika hawana vitabu. Krapf aliona sivyo. Aliona ya kuwa watu wa pwani wanavyo vyuo vyao, kama wazee walivyokiita kitabu, vilivyoandikwa kwa herufi za Kiarabu katika lugha yao wenyewe. Akapata nakala za utenzi wa Herekali, uliotungwa Pate mwaka 1728 na Mwengo wa Athumani. Utenzi huo wasimulia vita vya Waislamu na jeshi la Herekali, mfalme Mkristo wa Rumi, nao wawapa Waislamu ushindi. Mmisionari angaliweza kuuacha uliwe na mchwa. Krapf hakufanya hivyo. Mwaka 1854 aliuweka katika maktaba ya wataalamu wa lugha za mashariki mjini Halle, na hata leo wasomi wautegemea.

Twapaswa kusema upande wa pili pia. Krapf mwenyewe alitaka Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kirumi, ndizo hizi tusomazo. Herufi hizo zimetufungulia Biblia na magazeti. Walakini wajukuu wengi wa watunzi wa zamani hawawezi tena kusoma mkono wa babu zao. Mtu yule yule aliyeokoa chuo alisaidia kufunga mlango wake.

Krapf alifariki Korntal, Ujerumani, tarehe 26 Novemba 1881, akiwa amepiga magoti. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka uliofuata.

Sisi wa Fukayosi hatuko mbali na magofu ya Kaole. Kuta zile za mawe ya matumbawe zimebomoka, lakini zingali zaonekana, na kila apitaye hujua ya kuwa watu walikaa pale. Karatasi haina nguvu hiyo. Ikiliwa au ikichomwa, hapana gofu linalobaki kutushuhudia. Basi mwalimu wa dini mwenye daftari la zamani la ubatizo, na jirani yake Mwislamu mwenye chuo cha babu yake sandukuni, wote wawili wana amana. Na wazee wajuao kusoma herufi zile wangaliko wachache. Twende tukawaulize, wala tusingoje mpaka mgeni mwingine aje kutoka mbali kuzichukua hazina zetu apate kutuhifadhia.