Masinde: Nani Alikuwa na Haki ya Kumwita Mwendawazimu?

Huku kwetu Werugha, juu ya milima ya Taita, kijana akishindwa kuwatazama watu usoni, au akirudia neno aliloulizwa badala ya kulijibu, aghalabu hupewa jina mojawapo kati ya mawili: ama ni mjeuri, ama ni mwendawazimu. Majina hayo huuma yakitajwa sokoni. Yakitajwa katika mahakama ya Wundanyi au ya Voi, huweza kuamua hatima ya mtu. Wahenga walisema kwamba akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini walimzungumzia jirani mwenye hasira. Je, mwenye kutukana akiwa ni dola, na tusi likiwa limepigwa muhuri?

Ili kulijibu swali hilo, naomba msomaji aniruhusu nimkumbushe maisha ya mtu ambaye hakuzaliwa katika milima hii, bali upande wa pili wa nchi, lakini ambaye kila mwalimu wa historia nchini Kenya analijua jina lake. Huyo ni Elijah Masinde.

Masinde alizaliwa mnamo 1910 hivi, katika nchi ya Wabukusu, eneo la Kimilili. Ujanani alikuwa mchezaji hodari wa kandanda, akafikia kuichezea timu ya Kenya. Alilelewa katika Kanisa la Marafiki, kisha akatengwa nalo alipooa mke wa pili. La kustaajabisha ni kwamba mtu huyu, ambaye baadaye sheria ilimwandama maisha yake yote, aliwahi kuwa tarishi wa baraza la mahakama ya wenyeji. Yeye ndiye aliyepeleka hati za kuitwa shaurini nyumba hadi nyumba, na bila shaka aliziona nyuso za watu walioitwa kujibu mashtaka wasiyoyaelewa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 alianzisha Dini ya Msambwa, iliyowarudisha watu kwenye ibada ya wahenga wao na kukataa amri za wakoloni. Wakati huo serikali ilikuwa imo vitani, ikiwatoza watu kazi za lazima na kuwaamuru namna ya kulima. Masinde alikataa, na waliotumwa kumlazimisha hawakupokewa kwa maua. Mnamo 1944 alikamatwa na kufungwa. Mwaka uliofuata alitolewa gerezani, lakini hakurudishwa nyumbani. Alipelekwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili jijini Nairobi, na huko akazuiliwa hadi 1947.

Hebu tutue hapa, kwani kiini cha habari ndicho hiki. Sheria ya Kenya kuhusu wazimu ilirithiwa kutoka Uingereza, ambako kesi ya Daniel M'Naghten ya 1843 iliweka kipimo: je, mshtakiwa alikuwa na maradhi ya akili yaliyomzuia kujua alichokuwa akitenda, au kujua kwamba ni kosa? Ni kipimo kilichowekwa ili kumlinda mgonjwa asiadhibiwe kwa asilolijua. Masinde alijua vyema alichokitenda, na alikuwa tayari kueleza kwa nini. Kwa hiyo, ngao iliyoundwa kumkinga mgonjwa iligeuzwa kuwa kufuli la kumfungia mbishi.

Tena, Mathari ya miaka hiyo haikuwa mahali pa kumsikiliza Mwafrika kwa makini. Mkuu wake tangu 1938 hadi 1950 alikuwa daktari J. C. Carothers. Mnamo 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alidai kwamba Mwafrika wa kawaida hufanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilichapisha maelezo yake juu ya Mau Mau, ambayo yalitazama uasi ule kama tatizo la nafsi zaidi kuliko tatizo la ardhi. Pale ambapo Mwafrika mzima anahesabiwa kuwa na upungufu, yule anayekataa kutii atahesabiwaje?

Masinde alipoachiliwa hakuwa amebadilika hata chembe. Mwaka huo huo wa 1947 aliwaongoza maelfu ya watu hadi Chetambe, mahali ambapo Wabukusu wengi waliuawa na majeshi ya Waingereza mnamo 1895, wakatoa sadaka kwa ajili ya wafu wao. Wataalamu wa leo hulitumia neno kiwewe kwa jeraha la nafsi linalobaki baada ya maafa, nao wanatambua kwamba jamii nzima yaweza kulibeba. Waliokwenda Chetambe walikuwa wakiomboleza miaka zaidi ya 50 baada ya msiba. Serikali ikauona uchochezi. Mnamo Februari 1948, huko Malakisi, polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wa Msambwa, na watu 11 wakafa. Dini hiyo ikapigwa marufuku, naye Masinde akakamatwa na kuhamishiwa Lamu, alikokaa zaidi ya miaka kumi.

Msomaji ataona mkanganyo ulio wazi. Ikiwa Masinde alikuwa mgonjwa mnamo 1945, mbona mnamo 1948 hakurudishwa kwa madaktari? Na ikiwa alikuwa mzima mnamo 1948, mbona alifungiwa Mathari? Jina lilibadilishwa kwa kadiri ya haja ya aliyelitoa. Wala uhuru haukumletea nafuu ya kudumu. Msambwa ilipigwa marufuku tena mnamo 1968, naye akaendelea kuingia na kutoka gerezani hadi alipoachiliwa mnamo 1978. Alifariki mnamo 1987.

Sisi wa Taita hatuna haki ya kuitazama habari hii kama ya Wabukusu peke yao. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyeishi katika milima hii mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika mnamo 1957 juu ya saka, hali iliyowapata wanawake wetu, wakatetemeka na kupoteza fahamu. Mgeni angeweza kuona wazimu mtupu. Wazee waliona jambo lenye maana, wakaliitia ngoma, na Harris mwenyewe alilihusisha na nafasi ya mwanamke asiye na mali mkononi mwake. Waliouliza maana ya tendo walipata jibu ambalo jina la ugonjwa peke yake lisingelitoa.

Lakini tusidhani kwamba funzo la Masinde ni kukataa kila neno la daktari. Hilo lingekuwa kosa jingine. Mnamo 1943, Masinde alipokuwa akianza harakati zake, daktari Leo Kanner huko Marekani alichapisha maelezo ya watoto 11 wenye hali ambayo leo tunaiita usonji. Hali hiyo ni ya kweli, nayo huanza na ukuaji wenyewe wa ubongo. Mwenye usonji huweza kuyachukua maneno jinsi yalivyo. Akiulizwa ni nini kilichomleta mahakamani, huenda akajibu kwamba ni gari la polisi, nalo jibu hilo likahesabiwa dharau. Mwingine hurudia maneno ya mwisho ya anayemhoji, na mwandishi wa taarifa akayaandika kama ungamo. Naye aliyepatwa na kiwewe huweza kulikumbuka tukio vipande vipande, bila mpangilio, akaitwa shahidi mwongo.

Kwa mtu wa isimu, makosa haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Masinde alisema waziwazi, wakakataa kuelewa, wakamwita mgonjwa. Kijana mwenye usonji anasema kwa njia yake, hatuelewi, tunamwita mhalifu. Katika hali zote mbili, aliye na mamlaka ameifasiri lugha ya mwingine bila kujifunza sarufi yake.

Katiba ya 2010 imetupa zana. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa haki ya mkalimani asiyemlipia iwapo haelewi lugha ya mahakama, na pia kinairuhusu mahakama kumkubali msaidizi wa kumwezesha mshtakiwa au mlalamikaji kuwasiliana nayo. Zana hii ya pili haina faida iwapo hakuna mtu aliyegundua kwamba inahitajika. Na wa kwanza kugundua si hakimu. Ni mwalimu, anayemwona mtoto kila siku kwa miaka minane au zaidi. Maandishi yake machache, ya tarehe na ya mambo aliyoyaona kwa macho, yanaweza siku moja kuwa ushahidi wa pekee unaosimama kati ya kijana na jela.

Basi mwalimu wa Werugha, na nawe mwanafunzi unayeketi dawati moja na mwenzako asiyetazama watu usoni, kabla ya kumpa jina, muulize, kisha ungoje jibu. Masinde alipewa majina mengi na wakubwa wa zama mbili. Walioketi wakamsikiliza walikuwa wachache mno.