Samori Toure: Mtawala aliyejitengenezea risasi

ASUBUHI ya Septemba 29, 1898, kikosi kidogo cha askari wa Ufaransa kikiongozwa na Kapteni Henri Gouraud kiliingia ghafla katika kambi ya Guelemou, magharibi mwa nchi ambayo leo ni Cote d'Ivoire, na kumkamata mzee wa umri wa karibu miaka 70. Hakuna risasi iliyofyatuliwa. Huo ukawa mwisho wa mapambano ya miaka 16 kati ya Ufaransa na Samori Toure, mtawala ambaye wanafunzi wa sekondari wa Afrika Mashariki humsoma katika somo la historia kama mmoja wa vinara wa upinzani dhidi ya ukoloni.

Jambo ambalo husahaulika mara nyingi ni kwamba mtawala huyo hakupambana na majeshi ya Ufaransa pekee. Kwa miaka mingi alihangaika pia na kitu kidogo kinachotoshea kiganjani, yaani risasi za bunduki ambazo hazikupatikana sokoni kwa urahisi.

Samori alizaliwa yapata mwaka 1830 katika eneo la Konya, kusini mashariki mwa Guinea ya leo, katika ukoo wa wafanyabiashara wa Kidyula. Mama yake alipotekwa vitani na watawala wa ukoo wa Cisse, kijana huyo alijitoa kuwatumikia watekaji hao ili amkomboe mzazi wake. Katika utumishi huo ndimo alimojifunza kupigana. Baadaye alikusanya jeshi lake mwenyewe, na kufikia mwaka 1878 alikuwa mtawala wa dola ya Wassoulou yenye makao makuu Bissandougou. Mwaka 1881 aliutwaa Kankan, mji mkubwa wa biashara.

Damu ya biashara ilimsaidia kuitambua thamani ya silaha mapema. Dhahabu na pembe za ndovu ziliteremshwa hadi Freetown, bandari ya Waingereza nchini Sierra Leone, na bunduki zikapandishwa bara. Farasi wa jeshi lake walinunuliwa kaskazini, na malipo yao mara nyingi yalikuwa mateka wa vita waliouzwa utumwani. Hilo ni doa ambalo sifa za ushujaa wake haziwezi kulifuta, na kumbukumbu yake bado ni chungu katika vijiji vingi vilivyopitiwa na majeshi yake.

Walipopambana na Wafaransa kwa mara ya kwanza mwaka 1882, askari wa Samori walitambua kuwa gobori la kushindilia kwa mdomo wa mtutu halikuwa na nafasi tena. Samori akaanza kutafuta bunduki za kisasa, hasa aina ya Gras, iliyoanza kutumiwa na jeshi la Ufaransa mwaka 1874, na Kropatschek, iliyoweza kubeba risasi kadhaa kwa pamoja.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Gobori hula baruti yoyote na kipande chochote cha risasi kinachopita mtutuni. Gras hukubali risasi yake tu, ya milimita 11, iliyofungwa katika ganda la shaba lenye kipimo kamili. Risasi ya Martini-Henry, bunduki ya jeshi la Uingereza, haikuweza kuingia humo. Bunduki iliyonunuliwa kwa dhahabu ikiishiwa risasi za aina yake, hugeuka rungu.

Samori aliwategemea wahunzi. Inasimuliwa kuwa mmoja wao aliwahi kufanya kazi katika karakana ya silaha ya Wafaransa huko Saint-Louis, Senegal, akarudi na ujuzi. Makadirio ya wanahistoria ni kwamba wahunzi kati ya 300 na 400 walifanya kazi kwa ajili ya jeshi hilo, wakitengeneza bunduki zilizovunjika na kufua mpya kwa kuiga zile za Ulaya.

Risasi ya Gras ilikuwa na sehemu nne: ganda, fataki iliyo kitakoni mwake, baruti na risasi yenyewe. Kipande cha risasi kiliweza kuyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Baruti nyeusi ilitokana na shura, makaa na kiberiti, vitu vilivyojulikana na mafundi. Ganda lililokwisha kutumika liliweza kunyooshwa na kujazwa upya, hivyo lililoanguka chini halikuwa la kutupwa. Kigumu zaidi ni fataki, kwa kuwa huhitaji kemikali inayolipuka pale tu inapogongwa.

Mwaka 1886 Samori alimtuma mwanawe, Karamoko, kuitembelea Ufaransa. Kijana huyo alijionea mwenyewe nguvu za taifa hilo, na aliporejea akawa mtetezi wa amani. Baba hakumsikiliza. Mwaka 1894, akituhumiwa kushirikiana na adui, Karamoko alifungiwa ndani ya chumba na kuachwa afe kwa njaa.

Wakati huo milango ya silaha ilikuwa ikifungwa. Mkataba wa Brussels wa Julai 2, 1890 uliyafunga mataifa ya Ulaya kuzuia bunduki za kisasa na risasi zake kuingia sehemu kubwa ya Afrika. Bissandougou ilianguka mwaka 1892, na mwaka uliofuata Wafaransa waliikata njia ya Freetown. Samori akahamia mashariki na watu wake, akaweka makao mapya Dabakala, huku akiteketeza vijiji na mashamba nyuma yake ili adui asipate chakula.

Makadirio ya kazi ya wahunzi wake ni bunduki 12 kwa wiki na risasi kati ya 200 na 300 kwa siku. Kwa mafundi wa nyundo na mvukuto, hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Lakini jeshi lake lilikadiriwa kuwa na bunduki za kisasa zipatazo 6,000. Hata kwa risasi 300 kwa siku, kila bunduki ilipata risasi moja katika siku 20. 

Kilichomwangusha hatimaye ni njaa. Baada ya Sikasso kutekwa na Wafaransa Mei 1898, Samori alikimbilia milima na misitu ya magharibi wakati wa mvua. Watu wake walikufa kwa wingi kwa kukosa chakula, na wengine wakajisalimisha.

Alipelekwa uhamishoni Gabon, akafariki dunia Juni 2, 1900 kwa ugonjwa wa mapafu. Mwaka 1968 mabaki yake yalirejeshwa Guinea, wakati wa utawala wa Rais Ahmed Sekou Toure, aliyejitangaza kuwa mjukuu wa ukoo wake. Kaburi lake liko Conakry.