Earle Seaton: Wakili wa Ng'ambo ya Taveta

Msafiri aliyepanda gari la moshi Voi katika miaka ya 1950 alipita Mwatate, Bura na Maktau, akayaona mashamba ya mkonge ya Taveta, kisha akaingia Tanganyika kuelekea Moshi. Reli hiyo ililetwa na Vita Vikuu vya Kwanza. Kwa macho, nchi hizo mbili hazikutofautiana sana. Kisheria zilitofautiana mno, na hapo ndipo maisha ya wakili Earle Edward Seaton yanapopata maana kwetu.

Seaton alizaliwa Bermuda mwaka 1924, akasomea sheria London. Alifika Moshi akiwa kijana, yeye na mkewe Alberta, Mmarekani Mweusi mwenye shahada ya uzamifu katika zoolojia. Mjini humo alikuwepo pia Dudley Thompson wa Jamaika, ambaye baadaye alisaidia kuwakusanya mawakili wa nchi mbalimbali waliomtetea Jomo Kenyatta kule Kapenguria.

Mnamo Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, karibu na Mlima Meru. (Hawa ni Wameru wa Tanganyika, wasichanganywe na wale wa Mlima Kenya.) Nyumba zao zilichomwa moto ili ardhi wapewe walowezi wachache wa Kizungu wafugie ng'ombe. Wameru walimwendea Seaton.

Ikumbukwe kuwa Tanganyika haikuwa koloni. Uingereza iliitawala kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Ibara ya 87 ya Hati ya Umoja huo ilifungua mlango wa wenyeji kupeleka malalamiko yao. Seaton aliushika mlango huo. Wataita, mwendo wa saa chache tu kwa reli, hawakuwa nao. Wao pia walikuwa wamepoteza ardhi kwa mashamba ya mkonge, na walipojiunga katika chama chao cha Taita Hills Association, serikali ilikipiga marufuku mwaka 1940 na kumhamisha kiongozi wao, Mengo Woresha. Kilio cha raia wa koloni kiliishia kwa gavana, au kwa waziri London, yaani kwa mshtakiwa mwenyewe. Laiti mpaka ule ungechorwa upande wa pili wa Voi!

Mwaka 1952 Seaton alikwenda New York kuitetea kesi hiyo pamoja na Kirilo Japhet, mjumbe wa Wameru. Fedha za safari zilitoka katika michango ya wanavijiji wenyewe. Baraza la Udhamini lilisikitishwa na jinsi watu walivyohamishwa, lakini halikuamuru warudishiwe ardhi. Shauri likapelekwa katika Baraza Kuu. Kamati ya Nne iliwaunga mkono Wameru, lakini katika kikao cha wote azimio lilikosa thuluthi mbili za kura.

Kwa hesabu ya mahakamani, Seaton alishindwa. Mwandishi wa makala haya haoni kuwa hesabu hiyo inatosha. Japhet aliporejea alizunguka Tanganyika akiwaeleza watu yaliyotokea, na ardhi ya kabila moja ikawa hoja ya nchi nzima. TANU iliundwa mwaka 1954; mwaka uliofuata Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza lile lile.

Baada ya uhuru Seaton aliitumikia Tanzania akiwa jaji, na pia katika ujumbe wake kwenye Umoja wa Mataifa. Mwaka 1972 akawa jaji wa kwanza Mweusi wa Mahakama Kuu ya Bermuda alikozaliwa, na baadaye Jaji Mkuu wa Shelisheli. Alifariki mwaka 1992.

Habari za kesi ile ziliandikwa kwa Kiingereza katika kitabu kilichochapishwa na East African Publishing House, Nairobi, mwaka 1967. Waandishi ni wawili, na jina la Japhet, mteja, limetangulia la wakili wake.